Waliotumwa Kuhesabu Chakula cha Nyangumi

Mwaka 1925 meli ya mbao iliyokwisha kuzeeka iliondoka Uingereza kwenda Georgia Kusini, kisiwa cha barafu na upepo katika Atlantiki ya Kusini. Ni Discovery, ileile iliyompeleka Kapteni Robert Scott Antaktika mwaka 1901. Safari hii ilibeba wanasayansi chini ya Stanley Kemp, waliotakiwa kujua nyangumi wanakula nini, na chakula hicho kinapatikana wapi.

Gharama zililipwa na nyangumi wenyewe. Mafuta yao yalikuwa mali, kwa kuwa Ulaya iliyatumia kutengeneza sabuni na majarini, na Waingereza waliyatoza ushuru katika visiwa vyao vya kusini. Tangu Mnorwei Carl Anton Larsen afungue kituo cha kuwinda nyangumi cha Grytviken mwaka 1904, nyangumi-nundu walikuwa wameadimika kisiwani hapo. Ikaonekana busara kutenga sehemu ya ushuru huo kuchunguza kilichobaki.

Maabara ilijengwa King Edward Point, karibu na kituo hicho, na watafiti wakawa wanapima mizoga na kupasua matumbo. Mle ndani walikuta krili tupu, kiumbe wa bahari mwenye umbo la uduvi, asiyezidi sana sentimita 6. Nyangumi bluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, anaishi kwa huyo.

Baharini kazi ilikuwa ngumu zaidi. Discovery iliyumba vibaya na haikuwa na mbio. Hata hivyo, ndani yake Alister Hardy alijaribu kifaa alichokibuni, kilichokokotwa nyuma ya meli huku utepe wa hariri ukijikunja polepole na kunasa viumbe vidogo njia nzima. Vifaa vya aina hiyo vinakokotwa mpaka leo. Discovery II, ya chuma, ilishika zamu mwaka 1929, na mwaka 1932 ikaizunguka Antaktika yote wakati wa majira ya baridi. James Marr, aliyewahi kusafiri na mpelelezi Shackleton akiwa kijana wa skauti, alikusanya elimu yote hiyo katika kitabu kikubwa kuhusu krili, kilichotoka 1962.

Lakini mwaka uleule wa 1925 meli-kiwanda Lancing iliingia kazini ikiwa na mteremko nyuma wa kumpandishia nyangumi mzima sitahani. Meli za namna hiyo hazikuhitaji bandari, kwa hiyo leseni na ushuru havikuzigusa. Msimu wa 1930/31 waliuawa nyangumi bluu zaidi ya 28,000. Sayansi ilikuwa nzuri, ila ilifika mezani sahani zikiwa tupu.

Nyangumi walipokwisha, meli zikamgeukia krili mwenyewe. Mwaka 1982 uvuvi huo, uliotawaliwa na Wasovieti, ulipita tani 500,000. Hofu ya hali hiyo ilikuwa imezaa mkataba wa kulinda viumbe wa bahari ya Antaktika, uliotiwa saini Canberra mwaka 1980. Mwaka 1981 meli za nchi kadhaa zilifanya hesabu ya pamoja ya krili kwa kutumia mawimbi ya sauti. Meli hupita kwenye mistari iliyopangwa, ikipeleka milio chini na kusoma mwangwi unaorudi. Wavu hushushwa kuthibitisha kama kilichorudisha mwangwi ni krili au samaki. Usiku krili hupanda karibu na uso wa maji na kukikwepa kipimo, ndiyo maana mwaka 2000, meli nne zilipoigawana Atlantiki ya kusini, zilipima mchana. Makadirio yalikuja kurekebishwa hadi takriban tani milioni 60.

Hesabu kubwa iliyofuata ilikuja 2019, ikapata tani milioni 62.6. Safari hii meli za uvuvi zilishiriki, sambamba na meli mpya ya Uingereza iitwayo tena Discovery. Anayevuna bado anamgharimia anayehesabu.

Uvuvi katika eneo hilo la Atlantiki husimama ukifika tani 620,000 kwa msimu, na mwaka 2025 ulifika hapo kwa mara ya kwanza, ukafungwa kabla ya msimu kwisha. Zipo tafiti ndogo za kila mwaka karibu na visiwa. Lakini krili huishi miaka 5 hadi 7 tu, na pengwini, sili na nyangumi wanaoanza kurudi wote wanamtegemea. Kumhesabu kwa ukamilifu kila baada ya miaka 19, huku anavuliwa kila mwaka, hakutoshi.