Tarikhi ya Nakala za Akiba Majumbani

Katika zama ambazo kompyuta ilikuwa mali ya serikali, mabenki na vyuo vikuu, nayo ikijaza chumba kizima, kazi ya kuhifadhi nakala haikuwa juu ya yule aliyeandika, bali ilikuwa na mtu wake maalumu, aliyelipwa mshahara kwa ajili hiyo na kuulizwa pindi chochote kilipopotea. Tangu mwaka 1952, kampuni ya IBM ilipoleta sokoni mtambo wake wa utepe wa sumaku, hesabu za mashirika ziliandikwa juu ya tepe, na wakatokea makarani wenye utaratibu walioupa majina ya nasaba. Kila zilipofungwa hesabu, karani alitwaa utepe mkuu wa zamani pamoja na ule wa shughuli mpya, akaziunganisha zote mbili katika utepe wa tatu. Huo mpya aliuita mwana, ule uliouzaa akauita baba, na uliomtangulia baba akauita babu. Mwana akiharibika, baba alikuwapo kumzaa tena. Na baba naye akipatwa na msiba, babu alikuwa salama katika kabati jingine, aghalabu katika jengo jingine kabisa.

Mambo yaligeuka mwaka 1977, zilipoingia madukani nchini Marekani kompyuta tatu zilizokusudiwa mtu binafsi, nazo ni Apple II, Commodore PET na TRS-80. Mashine iliingia nyumbani, lakini karani hakuingia pamoja nayo. Aliyeandika ndiye aliyelazimika sasa kuhifadhi, naye mara nyingi hakuwa na chombo ila kaseti ya kawaida na kinasa sauti: programu iligeuzwa mlio, mlio ukarekodiwa, na siku ya kuirejesha kompyuta ikausikiliza upya. Sauti ikizidi au ikipungua kuliko kiasi, kazi ya usiku kucha ilikataa kurudi. Kwa hiyo watu wenye hadhari walizoea kurekodi kazi moja mara mbili, na katika desturi hiyo twaweza kuhesabu mwanzo wa nakala ya akiba nyumbani.

Disketi, iliyoletwa na IBM mwaka 1971 na kupunguzwa hadi upana wa inchi 5.25 mwaka 1976, iliondoa adha ya kaseti. Lakini ilipotolewa IBM PC XT mwaka 1983, ikiwa na diski kuu ya megabaiti 10, ilizuka taabu nyingine, kwa kuwa disketi moja ilichukua kilobaiti 360 tu. Mfumo wa DOS uliofuatana nayo ulikuwa na amri iitwayo BACKUP. Mwenye nyumba aliyeitumia aliketi mbele ya kioo, akatia disketi ya kwanza, akangoja, akaitoa, akaiandika namba, akatia ya pili, na vivyo hivyo hata zikatimia karibu 30 ikiwa diski ilijaa. Ibada ndefu namna hiyo haikuweza kuwa na wafuasi wengi: wengi waliinuia, wachache waliitimiza.

Vyombo vilivyofuata vilikuja kwa kasi. Mwaka 1994 kampuni ya Iomega ilitangaza diski ya Zip yenye megabaiti 100. Kisha zikaenea sahani za CD za kuandikwa nyumbani. Na mwaka 2000 ulipotangazwa mfumo wa USB 2.0, diski ya nje ilianza kuwa kitu cha kutia mfukoni na kuunganisha kwa waya mmoja. Mwaka 2007 Hitachi ilitoa diski ya terabaiti moja, yaani mara 100,000 ya ile ya XT. Tanzania, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ilichelewa kuingia katika msafara huu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kompyuta huoza: utepe huchakaa, rangi ya CD hufifia, na diski ya nje ikianguka huku inazunguka huweza kufa papo hapo.

Ajabu ya tarikhi hii ni kwamba siku moja wakubwa waliokuwa na watunzaji waliokolewa na nyumba. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, mtu aliandika amri iliyoanza kufuta filamu ya Toy Story 2, na wafanyakazi wakaona majalada yakitoweka mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za akiba walikuta zina kasoro, wala hapana aliyejua kabla ya hapo. Msimamizi wa ufundi, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga, alikuwa na nakala katika kompyuta yake. Ikafungwa kwa mablanketi, ikalazwa katika kiti cha nyuma cha gari, ikapelekwa studioni kwa mwendo wa taratibu. Ilinusurika kwa sababu ilikaa mbali na penye ajali.

Kutokana na misiba kama hiyo ilipatikana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mahali pengine. Mwaka 2013 kirusi CryptoLocker kiliizidishia kanuni hiyo uzito, maana kilifunga kwa ufunguo wa siri hata majalada ya diski za nje zilizoachwa zimeunganishwa, kisha wenyewe wakadaiwa fidia.

Basi msomaji mwenye picha za harusi, hati za kiwanja au mswada wa kitabu ndani ya kompyuta moja, ajue kuwa kazi ya yule karani imemwangukia yeye. Na anunue diski ya nje, anakili, aichomoe, kisha aifungue siku moja moja kuhakikisha kwamba kilichomo chasomeka. Na nakala ya pili aiweke kwa ndugu anayemwamini, katika nyumba nyingine.