Kimeng'enya kinachozizuia seli za saratani ya damu kukomaa

SARATANI ya damu, au lukemia, huanzia kwenye uboho, tishu laini iliyo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Kwa mtu mwenye afya, seli changa za uboho hugawanyika, kisha hukomaa na kuwa chembechembe nyeupe zinazopambana na vijidudu. Katika lukemia kali, seli hizo hukwama njiani. Hazikomai, lakini huendelea kugawanyika hadi kuujaza uboho. Mgonjwa hupungukiwa damu, hutokwa na damu kwa urahisi na huandamwa na maambukizi.

Moja ya sababu zilizochunguzwa ni vimeng'enya vinavyokata protini. Mwaka 1989, Dominique Bories na wenzake walieleza katika jarida la Cell kuhusu kimeng'enya walichokiita myeloblastini. Walitumia seli za lukemia ziitwazo HL-60, ambazo zimekuwa zikikuzwa maabara tangu miaka ya 1970.

Watafiti hao waliingiza ndani ya seli kipande kifupi cha DNA kilichobuniwa kuzuia utengenezaji wa myeloblastini. Seli ziliacha kuongezeka na kuanza kukomaa. Kwa maneno mengine, kupungua kwa kimeng'enya kimoja kulitosha kuirudisha seli ya saratani kwenye njia iliyoiacha.

Baadaye ilibainika kuwa myeloblastini ndiyo proteinase 3, ambayo chembechembe nyeupe huihifadhi kama silaha ya kuulia vijidudu. Uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa inaweza kuikata p21, protini inayofanya kazi kama breki ya mgawanyiko wa seli. Breki ikikatwa, seli huendelea kugawanyika.

Kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, elastase, nacho kimehusishwa na aina ya lukemia iitwayo promielositi. Ugonjwa huo husababishwa na protini yenye kasoro, PML-RARA, inayotokana na kuungana kwa vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17. Mwaka 2003, Andrew Lane na Timothy Ley walionyesha kuwa elastase huikata protini hiyo, na kwamba panya wengi waliokosa kimeng'enya hicho walikingwa dhidi ya ugonjwa.

Ikumbukwe kuwa matokeo hayo ni ya maabara na ya wanyama. Aidha, kuvizuia vimeng'enya hivi kiholela kunaweza kuudhoofisha ulinzi wa mwili, kwa kuwa vina kazi yake halali.

Hata hivyo, wazo la kuilazimisha seli ikomae badala ya kuiua tu limekwisha kuzaa matunda. Lukemia ya promielositi, ambayo zamani iliua haraka, sasa hutibiwa kwa asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A, pamoja na dawa ya aseniki. Wagonjwa wengi wanaowahi matibabu hayo hupona kabisa.