Kutoka Kipande hadi Huduma Namba
Baba yake babu alivaa kipande shingoni. Kuanzia 1920, serikali ya mkoloni iliwachukua wanaume Waafrika alama za vidole, ikawapa karatasi ya kubeba ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri ndiye aliyeandika humo.

2019 nami nilipiga foleni, nikatoa vidole vya Huduma Namba. Sheria ya Kulinda Data ilikuja Novemba, vidole vishaenda. Oktoba 2021, baada ya serikali kushtakiwa, Mahakama Kuu ikaamua kadi zilitolewa kinyume cha sheria: hatari kwa data zetu haikuwa imetathminiwa kwanza.

Kwa hivyo ukisikia serikali inatulinda, kumbuka ilibidi ipelekwe kortini. Mzee hangeuliza vidole vyake viliwekwa wapi. Mimi naweza, na nitauliza.