Valparaíso: mji wa vilima ambako zimamoto ni kazi ya kujitolea, na vijana wanaanza mapema

Wakaaji wa Kadutu, mjini Bukavu, hawahitaji kuelezwa namna moto unavyopanda kilima. Jiko la makala linaanguka ama waya wa umeme unapiga cheche, nyumba ya mbao inashika, na kwa dakika chache jirani wa juu naye anaanza kutoa magodoro nje. Hata pale gari ya zimamoto inapofika, inabaki kwenye barabara kubwa, kwa sababu kati ya barabara na moto kuna njia ya miguu tu, ngazi za udongo na kamba za kuanikia nguo. Kuna mji mwingine mbali sana, ng'ambo ya bahari, wenye shida hiyo hiyo ya vilima na mbao, na umeishi nayo kwa zaidi ya miaka 170: ni Valparaíso, bandari ya inchi ya Chile, kwenye bahari ya Pasifiki.

Valparaíso umejengwa juu ya vilima zaidi ya 40. Katikati ya mji, karibu na bandari, ni pahali tambarare. Watu wengi wanakaa juu, kwenye nyumba za mbao na mabati zilizoshikana bega kwa bega. Njia za juu ni nyembamba na zina ngazi nyingi, hata wakaaji wa zamani wakatengenezewa vibehewa vinavyovutwa kwa kamba ya chuma kupandisha watu. Hakuna gari kubwa inayoweza kufika kila mlango. Upepo wa bahari nao hausaidii.

Tarehe 15 Desemba 1850 moto mkubwa uliteketeza maduka na nyumba za katikati ya mji. Miezi sita baadaye, tarehe 30 Juni 1851, wakaaji waliunda kikosi cha zimamoto, cha kwanza katika Chile. Wengi walikuwa wafanyabiashara, na kati yao kulikuwa wageni wengi waliohamia pale, maana bandari ilikuwa imejaa watu wa kila taifa. Kila jamii ilitaka kuwa na kompania yake: Wajerumani na yao, Wafaransa na yao, Waitaliano, Wahispania, Waingereza. Mpaka leo majina hayo yanasomeka juu ya magari mekundu, hata kama wanaoyaendesha ni vijana wa Chile wasiojua Kijerumani wala Kifaransa.

Jambo linaloshangaza watu wengi ni hili: hawalipwi. Katika Chile nzima wazimamoto ni watu wa kujitolea. Mmoja ni mwalimu, mwingine fundi wa magari, mwingine mwanafunzi wa chuo kikuu. Tena wao ndio wanaotoa mchango wa kila mwezi kwa kompania yao. Serikali inatoa sehemu ya pesa za magari na vifaa, na tangu mwaka 2012 kuna sheria inayoeleza uhusiano wake na vikosi hivyo, lakini mshahara haumo. Pesa zinazokosekana zinatafutwa kwa michango ya raia. Mtu anaweza kusema ni serikali kukwepa kazi yake, na hoja hiyo ina uzito, hata Chile kwenyewe wapo wanaoisema. Hata hivyo kikosi kinaheshimiwa sana na raia.

Kituo chenyewe ni nyumba ya kata. Chini kuna gari, juu kuna vyumba vya kulala. Vijana wengi wanaotoka mbali kuja kusoma wanapewa kitanda hapo. Badala ya kodi, wanalala zamu, na simu ya 132 ikilia usiku wanaruka kwenye gari. Kwa mwanafunzi asiye na pesa ya chumba ni msaada mkubwa, na kwa kata ni hakika kwamba saa nane za usiku kuna watu tayari. Wanaitiwa mambo mengi zaidi ya moto: mtu aliyebanwa ndani ya gari baada ya ajali, gesi inayovuja jikoni, kemikali iliyomwagika bandarini, ukuta ulioanguka wakati wa tetemeko la ardhi, na Chile ni inchi ya matetemeko.

Kompania nyingi zina pia kikundi cha vijana, kinachoitwa kwa Kihispania brigada juvenil. Umri unatofautiana kidogo kati ya kompania na kompania, lakini kwa kawaida ni kati ya miaka 12 na 17, wavulana kwa wasichana. Mzazi lazima akubali kwa maandishi. Wanakutana mara nyingi mwisho wa juma, chini ya wakubwa wa kituo, na yule anayetaka kuonekana shujaa siku ya kwanza anarudi nyumbani amekata tamaa, maana kazi ya kwanza ni kusafisha. Kuosha gari, kukunja mpira wa maji vizuri ili usijikunje wakati wa haja, kujua kila chombo kiko kwenye kisanduku gani hata gizani. Baadaye yanakuja mafundo ya kamba, ngazi, huduma ya kwanza, namna ya kutoa taarifa kwa redio kwa maneno machache na bila kupiga kelele.

Halafu wanajifunza moto wenyewe. Kwamba moshi unaua kabla ya ndimi za moto, kwa hiyo mtu anatambaa chini, pahali hewa inabaki safi kidogo. Kwamba mafuta ya kupikia yakishika moto, kumwagia maji ni kuurusha ukutani. Unafunika sufuria na kuzima jiko. Kwamba kabla ya kumwaga maji ndani ya nyumba umeme unakatwa kwanza. Kwamba aliyetoka harudi ndani, hata kama aliacha pesa chini ya godoro. Mtoto wa miaka 13 anayerudi nyumbani na maneno hayo anamfundisha mama yake, nyanya yake na wapangaji wa parseli nzima, na hakuna gari inayoweza kufanya hivyo.

Moto wa kweli, hapana. Vijana hao hawapelekwi kupigana na moto mpaka wafikishe miaka 18 na kuingia rasmi kikosini. Valparaíso unajua sababu. Usiku wa tarehe 1 Januari 1953, watu wakiwa bado kwenye furaha ya mwaka mpya, ghala la mbao liliungua kwenye barabara ya Brasil. Wazimamoto waliingia karibu. Jirani na pale, katika jengo la kazi za barabara za serikali, kulikuwa kumewekwa baruti ambayo hawakuambiwa. Ililipuka. Wazimamoto 36 walikufa, wote watu wa kujitolea. Kujua ni kitu gani kimehifadhiwa katika kila ghala la kata ni kazi isiyoonekana kabisa mpaka siku inapokosekana.

Inafaa pia kusema pahali mpango huu ulipofikia mwisho wa nguvu zake. Jumamosi tarehe 12 Aprili 2014 moto ulianza porini juu ya mji na upepo ukaushusha kwenye vilima vya watu maskini zaidi: Las Cañas, La Cruz, El Litre, Mariposas na vingine. Watu 15 walikufa, nyumba zaidi ya 2,900 ziliungua na watu zaidi ya 12,000 wakabaki bila makao. Wazimamoto walikuwepo, wengi, na hata wa miji mingine walikuja. Lakini huko juu mabomba ya kuchotea maji yalikuwa machache, magari yalikwama njiani, na makorongo yaliyo kati ya nyumba yalikuwa yamejaa takataka na majani makavu, chakula kizuri cha moto. Siku zilizofuata maelfu ya vijana walipanda na makoleo kuondoa majivu. Ilikuwa vizuri. Ila koleo lilihitajika mapema zaidi, kusafisha makorongo.

Miaka kumi baadaye ilionekana wazi. Februari 2024 moto mwingine ulipita miji ya jirani, Viña del Mar na Quilpué, na kuua watu zaidi ya 130. Katika Quilpué kuna kata inayoitwa Botania. Wakaaji wake walikuwa wamefundishwa pamoja na shirika la misitu la serikali: walikata majani, walipunguza matawi ya miti, waliondoa takataka nyuma ya nyumba. Moto ulifika mpakani mwa kata, nyumba zikabaki zimesimama, wakati kata za karibu ziligeuka majivu. Mwaka huo huo, mwezi Mei, polisi walimkamata mtu wa shirika hilo la misitu pamoja na mzimamoto mmoja wa kujitolea, wakishtakiwa kuwasha moto ule kwa makusudi. Kwa hiyo swali la nani anapokelewa kituoni, na nani anamwangalia kijana kwa miaka kabla ya kumpa kofia, si la adabu tu.

Huku mashariki mwa Kongo hakuna haja ya kungojea gari ili sehemu ya kazi hii ianze. Vijana wa Msalaba Mwekundu na maskauti wanajua tayari huduma ya kwanza na mafundo. Kinachokosekana mara nyingi ni somo la moto, na zaidi somo la mafuta. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, katika teritware ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja na ndoo na mabidoni, wengine walikuwa karibu, katika nyumba ya video wakiangalia Kombe la Dunia. Mafuta yakashika moto, watu zaidi ya 230 wakafa. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unapokuta sigara au jiko, halafu moto unarudi nyuma kwa yule aliyeshika bidoni. Wauzaji wa petroli kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadhafi, wanakaa na hatari hiyo kila siku, mara nyingi mita chache kutoka kwa mama anayechoma mahindi. Kijana wa avenyu aliyefundishwa anaweza kuwasogeza mbali mmoja na mwingine, na kuwa na ndoo ya mchanga mkavu karibu na meza ya mabidoni, kwa kuwa maji yanasambaza tu petroli inayowaka.