Kutoka daftari la Hollis hadi simu yako: Wasini ya kidijitali ni ya nani?

Haya wasomaji, leo tuziweke kando lugha za programu, tuingie kwenye historia. Kuna swali ambalo sisi tunaotengeneza tovuti na programu za simu hulikwepa mpaka siku barua ya wakili inapofika: hivi vitu tunavyovijaza humo ndani, yaani hadithi, nyimbo, ramani na picha, ni vya nani?

Nitatumia mfano wa Wasini. Kwa asiyepajua, ni kisiwa chembamba mkabala na Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Hakuna magari. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi, Mkwiro upande wa mashariki. Mgeni hupelekwa kwa mashua, hutembezwa juu ya lile daraja la mbao la kina mama kwenye bustani ya matumbawe, hula kaa, na wengi huunganisha safari hiyo na Kisite kutafuta pomboo. Sasa tuseme unataka kumtengenezea mgeni huyo mwongozo wa kwenye simu: anafika mahali, anabofya, anasikia historia ya mahali hapo kwa sauti ya mwenyeji, kuna ramani, picha na muziki kidogo. Kazi ya wiki tatu ukiwa na chai ya kutosha. Lakini kila faili utakayoiweka ina historia yake, na historia hizo zinafanana kwa jambo moja: aliyeshika kalamu au kinasa sauti ndiye sheria humtambua kuwa mwenye mali.

Tuanze na hadithi yenyewe. Mwaka 1900 jarida la Taasisi ya Anthropolojia ya Uingereza lilichapisha makala ndefu kuhusu historia ya Vumba. Mwandishi alikuwa A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa 1874, yaani alipoichapisha alikuwa mdogo kuliko mimi ninayeandika haya! Huyu ndiye baadaye aliandika vitabu kuhusu Wamaasai na Wanandi, akawa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, kisha gavana wa Trinidad na Tobago. Wavumba ni wale ambao madiwani wao walitawala kutoka Vumba Kuu, karibu na Vanga ya leo, na ambao vizazi vyao viko Wasini na Vanga, wakiwa na lahaja yao ya Chivumba. (Usiichanganye na Chifundi inayosemwa Mkwiro na Shimoni. Ukikosea hapo wenyeji watakucheka mchana kutwa.) Ukisoma kazi ya kitaaluma kuhusu Vumba, karibu kila mara utakuta jina la Hollis chini ya ukurasa.

Hollis hakuyatunga yale. Aliambiwa na watu. Watu hao walikuwa na majina, walikuwa na kumbukumbu za nasaba walizozibeba kichwani, wakakaa na kijana wa kigeni na kumsimulia. Yeye akaandika. Tangu siku hiyo, kwa macho ya sheria ya hakimiliki, mwandishi ni mmoja tu.

Sasa angalia hesabu yake, kwa sababu hapa ndipo programu yako inapoingia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya maandishi hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Hollis alifariki 1961. Kwa hivyo tangu Januari 1, 2012, hapa Kenya makala ile ni mali ya umma: inakili, itafsiri, isome kwa sauti, iweke kwenye programu, hakuna wa kukuuliza kwa upande wa hakimiliki. Uingereza wao wanahesabu miaka 70. Huko makala ileile imefungwa hadi mwisho wa 2031. Marekani hesabu ya kazi za zamani hivyo inafuata mwaka wa kuchapishwa, na kitu cha 1900 kilishaachiwa zamani sana.

Mtu anayechapa kijitabu Mombasa hatakosa usingizi kwa hilo. Wewe unayepandisha programu kwenye duka la Google unaulizwa itapatikana nchi zipi, na kawaida tunabofya "zote" tukaendelea na maisha. Mtalii akiipakua akiwa Diani, sawa. Akiipakua nyumbani kwake Manchester kabla ya safari, maandishi yaleyale yanageuka kuwa nakala isiyo na ruhusa. Faili moja, seva moja, sheria mbili.

Kuna kisa kingine kidogo hapa ambacho kiliniuma. Septemba 2011 hazina ya majarida ya JSTOR, ambako jarida lile la Uingereza pia limehifadhiwa, ilifungua bure makala za zamani kwa dunia nzima. Sote tulipaswa kufurahi. Lakini mstari uliochorwa ulikuwa hivi: majarida ya Marekani, yote ya kabla ya 1923, majarida ya kwingineko, ya kabla ya 1870 tu. Makala ya Hollis ni ya 1900 na jarida ni la London. Ikabaki nje. Miezi michache baadaye ikawa mali ya umma Kenya, na bado mwanafunzi wa Vanga akitaka kusoma habari za babu zake kupitia mlango ule alihitaji akaunti ya chuo au pesa.

Najua msomaji mjanja ameshanikatiza: hakimiliki inalinda maneno, hailindi habari! Kweli kabisa. Orodha ya madiwani si mali ya Hollis wala ya jarida. Soma, funga kitabu, simulia upya kwa maneno yako, na hujavunja kitu, hata Manchester. Hiyo ndiyo njia ambayo ningemshauri mtu yeyote, na kusema kweli Kiswahili chako kitakuwa kizuri kuliko tafsiri ya Kiingereza cha 1900.

Ila hapo ndipo unapokutana na sheria nyingine ambayo wenzangu wengi katika fani hii hawajawahi kuisikia. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 11, iliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ikaja 2016: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni, namba 33 ya mwaka huo. Inazungumzia hadithi, mashairi, vitendawili, nyimbo, ngoma na matambiko ya jamii, na inataka mtu wa nje anayetaka kuvitumia kibiashara apate kwanza idhini ya wenyewe, baada ya kuwaeleza wazi anataka kufanya nini. Serikali za kaunti zinatakiwa kuweka rejista, na ulinzi wake hauna ile saa ya miaka 50. Unaendelea maadamu kitu hicho bado ni cha jamii ile.

Umeona kilichotokea? Kwa sheria ya 2001 makala ya Hollis ni huru. Kwa sheria ya 2016 baadhi ya yaliyomo ndani yake yanaweza kuwa na wenyewe, na wenyewe hao si familia ya Hollis. Ni Wavumba. Baada ya zaidi ya karne moja wasimuliaji wamerudishwa kwenye hesabu, japo kama jamii na si kwa majina yao.

Naipenda sheria hii, lakini nitasema ukweli, kuitekeleza kwenye mradi mdogo ni shughuli. Nani anatia sahihi? Wazee wa Wasini? Na wale wa Vanga, ambao wana haki ileile juu ya historia ileile? Maoni yangu ni kwamba usisubiri rejista ikamilike. Nenda vijiji vyote viwili, kaa barazani, eleza programu ni ya nini, nani atapata hela na kiasi gani, na uwe tayari kuambiwa hapana. Kuna mambo mtu hataki mgeni ayasikie kwa kubofya.

Ramani na picha nitazipitia haraka. Juni 2008 Google walileta Map Maker, na Wakenya wengi wakajitolea kuchora barabara na kuandika majina ya mitaa yao. Masharti yalikuwa kwamba Google wanaweza kuutumia mchango wako milele wapendavyo. Wewe uliyechora kijiji chako hukupewa ruhusa ya kuuchukua mchoro mzima na kuutia kwenye programu yako ya biashara. Machi 2017 huduma ikafungwa. OpenStreetMap, iliyoanza 2004, ilikwenda njia nyingine: data ni ya kila mtu ilimradi utaje wachangiaji, na ukiiboresha hazidata yenyewe na kuisambaza, uiachie kwa leseni ileile. Kwa mwongozo wa kisiwa sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Ukikuta kichochoro hakipo, kichore mwenyewe.

Kuhusu picha, leseni za Creative Commons zimekuwepo tangu 2002 na watu bado wanadhani maana yake ni "bure". Soma herufi! Yenye NC haifai kwa programu ya kampuni ya mashua, kwa sababu mwenye mashua anauza safari. Yenye ND hairuhusu kusambaza picha uliyoibadilisha, kwa mfano ukiiunganisha na mchoro wako. Tena leseni ya mpiga picha haisemi lolote kuhusu yule mama anayeonekana kwenye daraja la mbao. Yeye ombwa mwenyewe.

Muziki sasa. Karibu kila mwenye hoteli atakuambia weka "Jambo Bwana". Wimbo huo ulitoka 1982, wa Them Mushrooms, kundi la hapahapa pwani lililopigia watalii hotelini, na mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M wakaurudia kwa namna yao. Kwa mtengeneza programu, ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili. Kuna utunzi, unaolindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na kuna rekodi, inayolindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ile ya kwanza itaachiwa hapa Kenya mapema miaka ya 2030, na hapo utawasikia watu wakisema wimbo sasa ni huru. Si kweli. Ukiicheza rekodi unaucheza na utunzi.

Simu za mkononi zilitufundisha tofauti hiyo bila sisi kujua. Mnakumbuka Nokia 3310 ya mwaka 2000, ulivyokuwa ukiandika mlio nota kwa nota kwa vidole? Ule mlio ulitumia utunzi peke yake. Simu zilipoanza kucheza MP3 kama mlio, ikaingia na rekodi, na mlolongo wa wanaodai ukarefuka. (MP3 nayo ilikuwa na hataza zake, mpango wa leseni ulifungwa Aprili 2017, na tangu hapo hakuna wa kumlipa kwa muundo wenyewe.) Halafu ikaja biashara ya milio anayoisikia anayekupigia, ambayo Kenya ilizua kesi nyingi, mojawapo katika Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2016. Wasanii walilalamika kwamba kati ya kampuni ya simu, wakala na vyama vya kukusanya mirabaha, kinachowafikia ni makombo. Sheria ya marekebisho ya 2022 ikaandika mgao waziwazi: msanii si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, wakala 8.5. Yaani ilibidi Bunge liandike asilimia ndani ya sheria ili aliyeimba apate zaidi ya nusu.

Kwa hivyo watu wengi hufikia uamuzi nilioufikia mimi: rekodi sauti mpya mwenyewe. Chukua simu, nenda Wasini, mwombe mzee asimulie kwa Chivumba. Hakuna hazina ya sauti mtandaoni itakayokuuzia Chivumba! Lakini ngoja. Chini ya sheria ya Kenya, mwenye hakimiliki ya rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Yule ni wewe. Bila mkataba mwingine, unatoka kisiwani ukiwa umemiliki sauti ile kwa miaka 50, na mzee amebaki na shukrani. Umekuwa Hollis mwenye betri.

Dawa yake si ngumu, inataka karatasi mbili kabla ya kubonyeza kitufe. Ya kwanza ni ya msimuliaji: jina lake litatajwa vipi, sauti itatumika wapi, na kwamba rekodi ni mali yake au ya pamoja, nawe una leseni ya kuitumia kwenye mwongozo huu tu. Ya pili ni ya jamii, kwa yale yaliyo ya wote. Halafu acha nakala nzima kijijini, isiyobanwa, kwenye kadi ambayo mtoto wa shule anaweza kuifungua bila programu yako.

Kwenye hazidata ya majaribio niliyoiunda, jedwali la sauti lina safu za msimuliaji, lahaja, kijiji, tarehe ya idhini, na mipaka ya matumizi. Safu ya msimuliaji haikubali kuachwa tupu. Ukijaribu kupandisha faili bila jina, au bila maelezo kwamba mwenyewe ameomba lisitajwe, seva inaikataa.