CentOS: Mfumo wa Bure Uliokatishwa Miaka Saba Kabla ya Wakati

Tarehe 8 Desemba 2020 mafundi wa seva walipokea tangazo ambalo wengi hawakuliamini mara moja. CentOS Linux 8, mfumo endeshi wa bure uliotoka Septemba 2019 na kuahidiwa matunzo hadi Mei 2029, ungekoma tarehe 31 Desemba 2021. Wakati huohuo toleo la zamani, CentOS 7, lingeendelea kupewa masasisho hadi Juni 2024. Yaani aliyezembea kuhama alibaki salama, na aliyejihimu kuhamia toleo jipya ndiye aliyeumia.

CentOS yenyewe ilizaliwa na uamuzi wa aina hiyohiyo. Mwaka 2003 kampuni ya Red Hat ya Marekani ilitoa Red Hat Linux 9, toleo la mwisho la mfumo wake wa bure, kisha ikaelekeza nguvu kwenye Red Hat Enterprise Linux, inayolipiwa kwa usajili. Lakini sehemu kubwa ya mfumo huo ilikuwa chini ya leseni huria, na Red Hat iliuweka msimbo wake hadharani. Watu wachache, wakiwamo Gregory Kurtzer na Rocky McGaugh, waliuchukua, wakaondoa nembo na jina la kampuni, wakaujenga upya. Kufikia 2004 CentOS ilikuwa mikononi mwa watu.

Wanasheria wa Red Hat hawakupenda jina la kampuni yao litajwe, basi kwa miaka kadhaa CentOS ikawa inajieleza kuwa imetokana na kazi ya muuzaji mmoja mashuhuri wa Amerika Kaskazini. Kila mtu alijua ni nani.

Mfumo ukaenea kwa sababu ulikuwa na tabia moja ambayo mwenye seva huithamini kuliko mapambo yote: haukubadilika ovyo. Programu iliyofanya kazi kwenye mfumo wa kulipia ilifanya kazi hapa pia, na toleo moja lilitunzwa kwa takriban miaka kumi. Vyuo vikuu na kampuni za kuhifadhi tovuti viliutegemea. Wanafizikia wa CERN kule Geneva na wenzao wa Fermilab, Marekani, walikuwa na mfumo wao kwa mtindo huohuo, Scientific Linux. Mwaka 2019 ikatangazwa kuwa hautakuwa na toleo la nane, na kwamba njia ya mbele ni CentOS 8. Bahati haikuwa upande wao.

Nyuma ya utulivu huo palikuwa na misukosuko. Julai 2009 wasanidi waliandika barua ya wazi kwa mmoja wa waanzilishi, aliyeshikilia anwani ya tovuti na fedha za michango lakini hakupatikana. CentOS 6 nayo ilitoka Julai 2011, miezi minane baada ya mfumo wa Red Hat iliounakili. Ndiyo maana Januari 2014, Red Hat ilipoukumbatia mradi na kuwaajiri baadhi ya wasanidi wake wakuu, wengi walishusha pumzi. Wachache waliuliza: jina sasa ni la nani? Lilikuwa la Red Hat. Na Julai 2019 Red Hat ikawa ya IBM, kwa dola bilioni 34.

Tangazo la 2020 lilipotoka, lawama nyingi ziliiangukia IBM, ingawa watu wa Red Hat walisisitiza kuwa uamuzi ni wao. Walichopewa watumiaji badala yake ni CentOS Stream, ambayo hupokea mabadiliko kabla hayajaingia kwenye mfumo wa kulipia. CentOS ya zamani ilifuata nyuma, baada ya makosa kurekebishwa. Kwa msanidi, Stream ni chombo kizuri. Kwa hospitali au benki, kuwa wa kwanza kukutana na hitilafu si faida.

Red Hat ilikuwa na haki ya kisheria, maana hakuna mtumiaji wa bure aliyekuwa na mkataba nayo. Lakini kufuta tarehe ambayo watu walishaipangia kazi ni jambo jingine, na hapo kampuni ilistahili lawama. Januari 2021 ilijaribu kutuliza mambo kwa kuruhusu mtu kutumia mfumo wake bila malipo kwenye seva hadi 16. Mwenye seva mia hakuwa na la kushukuru.

Hasira haikuishia kwenye maneno, kwa kuwa msimbo ulikuwa bado wazi. Siku ileile ya tangazo Kurtzer alisema ataanza upya, na mfumo wake mpya akauita Rocky Linux kumkumbuka McGaugh, ambaye alikuwa ameshafariki. Kampuni ya CloudLinux ikamtangulia: AlmaLinux ilitoka Machi 2021, Rocky ikafuata Juni. Juni 2023 Red Hat iliacha kuweka hadharani msimbo wa mfumo wake wa kulipia, lakini mifumo yote miwili iliendelea kutolewa. CERN na Fermilab walikuwa wameshachagua AlmaLinux tangu Desemba 2022.

CentOS 7 nayo ilifikia kikomo tarehe 30 Juni 2024. Seva ambayo bado inaiendesha haipati tena viraka vya usalama kutoka kwa mradi huo, na mwenye nayo asingoje ivamiwe ndipo ahame.