Betri ya gari la haibridi imechoka: njia za kuibadilisha bila kufilisika

Tangu tulipozungumzia magari yanayotumia mafuta kidogo, swali moja limekuwa likirudi kwenye simu na ujumbe wa wasikilizaji: "Gari langu la haibridi limewasha taa ya pembetatu nyekundu, fundi anasema betri imekufa. Nifanye nini, maana bei niliyotajiwa inakaribia nusu ya bei ya gari?"

Magari haya sasa yako mpaka vijijini. Toyota Aqua, Prius, Axio na Fielder za haibridi, Honda Fit na nyinginezo huletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Aqua za kwanza ziliuzwa Japani mwishoni mwa 2011, kwa hiyo nyingi zimefika umri wa betri kuchoka. Hata nchini Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, gari linaweza kufika likiwa limeshatumia sehemu kubwa ya maisha ya betri yake.

Habari njema ni kwamba njia ziko zaidi ya moja, na si zote zinahitaji mamilioni. Habari ngumu ni kwamba njia yenye bei ndogo leo inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote baada ya mwaka. Makala hii inakusaidia kuzitofautisha.

Hakikisha ni betri kubwa kweli

Gari la haibridi lina betri mbili. Ndogo ni ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo huamsha kompyuta, taa na kufuli za milango. Kubwa ndiyo inayoendesha mota ya umeme, na kwenye Toyota ndiyo inayowezesha hata injini ya petroli kuwaka, kwa sababu magari hayo hayana stata ya kawaida. Ndiyo maana betri kubwa ikifa, huwezi kusema "nitatumia petroli tu".

Betri ndogo ikichoka, gari linaweza kuwasha taa nyingi kwa pamoja, au kukataa kabisa kuamka. Mwenye gari akaambiwa anunue betri kubwa, kumbe tatizo ni la betri ndogo. Ipimwe kwanza. Ukiibadilisha, angalia mahali inapokaa: kwenye Aqua na Prius iko ndani ya gari, kwa hiyo inatakiwa iwe ya aina yenye mrija wa kupeleka gesi nje. Ya kawaida haifai hapo.

Dalili za betri kubwa kuchoka ni hizi: mistari ya chaji kwenye dashibodi inapanda na kushuka kwa dakika chache, injini inawaka mara kwa mara hata gari likiwa limesimama, mafuta yanaliwa kuliko zamani, na feni ya nyuma inavuma kwa nguvu. Ujumbe kwenye dashibodi unaweza kuwa wa Kijapani. Upige picha kwa simu umwonyeshe fundi.

Kisha gari lipimwe kwa mashine. Kwenye Toyota, kodi P0A80 ina maana kompyuta imeona vipande vya betri vimetofautiana nguvu kupita kiasi. Usiridhike na kodi peke yake. Omba kuona volti za kila jozi ya vipande gari likiwa linatembea. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu kwa bluetooth, pamoja na programu kama Dr. Prius, kinaweza kukuonyesha namba hizo wewe mwenyewe.

Ndani ya betri kuna nini

Betri kubwa si kitu kimoja. Ni vipande vingi vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu na kuunganishwa kwa mfuatano. Aqua ina vipande 20, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28, jumla karibu volti 202. Ndani ya kila kipande kuna seli 6. Fundi akisema "seli imekufa", mara nyingi anamaanisha kipande kizima.

Kwa kuwa vimeunganishwa kwa mfuatano, kipande kimoja kibovu huvuta betri nzima chini. Ndiyo maana betri "iliyokufa" mara nyingi ina vipande vingi ambavyo bado vinafanya kazi. Hapo ndipo njia za bei nafuu zinapopatikana, na hapo ndipo wateja wengi wanapoumizwa.

Haya ni maelezo ya betri za nikeli, zinazotumika kwenye Toyota nyingi za umri huo. Honda Fit ya kuanzia 2013 na Vezel zina betri za lithiamu. Hizo zinahitaji fundi aliyezisomea, na hazichanganywi na vipande vya aina nyingine.

Njia zilizopo, kuanzia nafuu

*1. Kusafisha.* Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Kwenye barabara zetu za vumbi, feni na njia yake huziba, na betri inachemka. Vilevile vibati vya shaba vinavyounganisha vipande hupata kutu ya kijani na kuleta usomaji mbaya. Kama betri haijachoka sana, kusafisha feni na vibati kunaweza kulirudisha gari barabarani kwa gharama ya ufundi tu. Anza hapa.

*2. Kubadilisha vipande vibovu tu.* Fundi anafungua betri, anapima kila kipande, anaondoa vibovu na kuweka vilivyotumika kutoka betri nyingine. Kipande kizima kilichochajiwa husoma kati ya volti 7.5 na 8. Chenye seli moja iliyokufa hushuka hadi karibu 6.5. Lakini volti ya kipande kilichotulia haitoshi. Fundi mzuri hukipa mzigo, kwa mfano taa ya mbele ya gari ya wati 55 kwa dakika mbili, aone kinashuka kiasi gani. Tatizo la njia hii ni kwamba vipande vyote vina umri mmoja. Leo kimekufa cha 7, baada ya miezi michache kinafuata cha 12, kila mara ukilipia ufundi upya. Inafaa kama betri iliyobaki imepimwa na kuonekana bado ina nguvu, au kama unataka muda wa kukusanya pesa.

*3. Kuifufua na kuisawazisha.* Vipande vyote huchajiwa na kushushwa chaji polepole mara kadhaa, kisha hupangwa vyenye nguvu zinazolingana. Kazi hii huchukua siku, si saa. Anayekuambia utaondoka nayo baada ya saa moja hajaisawazisha. Hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea, lakini haifanyi betri ya zamani kuwa mpya.

*4. Betri nzima iliyotumika.* Hutoka kwenye magari yaliyopata ajali au huletwa kutoka Japani. Ni bahati nasibu kama haijapimwa. Uliza mwaka wa gari ilikotoka, na imekaa stoo muda gani, kwa sababu betri ya nikeli hupoteza chaji ikiwa imekaa tu, na ikikaa mno inaharibika. Neno "ya Japani" halina maana kama ina umri sawa na ile unayoitoa.

*5. Betri mpya isiyo ya kampuni ya gari.* Kuna viwanda vinavyotengeneza vipande vipya vya nikeli, au seti za lithiamu zilizoundwa kuingia mahali pa ile ya nikeli. Bei yake huwa kati ya iliyotumika na ya kampuni, na hapa ndipo wengi wanaotaka kukaa na gari hupata nafuu ya kweli. Ila ubora unatofautiana sana. Usikubali kamwe betri iliyoungwa mtaani kwa seli za lithiamu za kompyuta au pikipiki bila mfumo wa kuzilinda. Hiyo inaweza kuwaka moto chini ya kiti wanachokaa watoto.

*6. Betri mpya ya kampuni.* Ndiyo ya bei ya juu. Ina maana kama gari lenyewe bado ni zima, injini na bodi, na unalitegemea kwa kazi. Dhamana iliyotolewa na kiwanda Japani gari likiwa jipya usiitegemee huku.

Linganisha bei kwa mwezi

Njia rahisi ya kulinganisha ni kugawa bei kwa miezi ya dhamana. Tuseme fundi wa kwanza anabadilisha vipande viwili kwa shilingi 400,000 kwa dhamana ya miezi 3. Wa pili anakuuzia betri kwa 1,800,000 kwa dhamana ya miezi 18. Namba hizi ni za mfano, si bei za soko. Ya kwanza ni zaidi ya 133,000 kwa mwezi uliohakikishiwa. Ya pili ni 100,000. Iliyoonekana nafuu ndiyo ghali.

Kisha ongeza umbali. Dhamana ya fundi aliye mjini, kilomita 200 kutoka kwako, inakusaidia tu kama unaweza kulifikisha gari. Aqua na Prius zikizima, usizivute mwendo mrefu kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu mota huzunguka pamoja nayo na kuzalisha umeme. Zinatakiwa kubebwa, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Gharama ya kubeba gari mara mbili inaweza kumaliza akiba yote uliyoipata kwa kuchagua bei ndogo. Uliza mapema: dhamana ikihitajika, fundi atakuja, au gari litakwenda, na nani analipa?

Na kama gari lina matatizo mengine makubwa, pima kama haifai kuliuza lilivyo kwa mtu anayejua tatizo lake, kuliko kuweka betri ya bei kubwa kwenye gari litakalokuomba pesa nyingine mwezi ujao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Nionyeshe vipimo vya kila kipande, kabla na baada.
- Vipande unavyoweka vinatoka betri moja au umechanganya? Namba zilizochapwa juu yake zinakaribiana?
- Vimepimwa kwa mzigo, au kwa volti tu?
- Feni na njia ya hewa vitasafishwa?
- Dhamana ni ya betri nzima au ya vipande vilivyobadilishwa tu? Iandikwe kwenye risiti, na tarehe.
- Betri yangu ya zamani inabaki kwa nani?

Swali hilo la mwisho lina pesa ndani yake. Betri ya zamani ina vipande vizima vinavyouzika, na nikeli yake ina thamani kwa wanaoyeyusha vyuma. Ama uondoke nayo, ama bei yake ipunguzwe kwenye malipo. Usiitupe shimoni wala usiivunje: majimaji yake huunguza ngozi na macho.

Usijaribu mwenyewe

Nyaya za rangi ya chungwa ukiziona, acha. Volti 144 au 200 za betri hii zinaua. Fundi anayejua kazi huvaa glavu za umeme mkubwa, huchomoa kwanza plagi ya usalama ya chungwa, kisha husubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe. Hata baada ya hapo, betri yenyewe bado ina umeme ndani. Ukimwona fundi anaifungua mikono mitupu, mwokoe yeye na gari lako: tafuta mwingine.

Kuifanya idumu

Usirundike magunia wala nguo kwenye tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma. Feni isafishwe mara kwa mara, hasa ukipita barabara za vumbi. Egesha kivulini. Kwenye foleni ndefu usiache gia kwenye N, kwa sababu hapo betri kubwa haichajiwi. Petroli isikuishie ukaendelea kutembea kwa betri. Ukiimaliza kabisa, gari halitawaka hata ukiweka mafuta, na kuichaji kunahitaji kifaa maalumu. Kama unasafiri na kuliacha gari, mtu aliendeshe angalau nusu saa kila baada ya miezi miwili.

Na wewe unayepanga kununua gari la haibridi lililotumika, omba vipimo vya betri kabla ya kukubaliana bei. Muuzaji akikataa lipimwe, hesabu kwamba unanunua gari na betri mpya kwa wakati mmoja, kisha jiulize kama bado ni bei nzuri.